Ngoma za Kamina: Misa Iliyotoka Kanisani Ikaingia Sinema



Kila kwaya inaponunua kinanda kipya chenye midundo iliyopangwa kiwandani, au vijana wanapoomba kupiga gitaa na dramu katika Misa, huzuka lile swali: je, ala hizo zinastahili kusikika mbele ya altare? Swali hilo ni la zamani kuliko umeme. Juma hili tumependa kulitazama kwa kupitia kundi moja la waimbaji Wakatoliki, majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambao santuri yao ilifika mahali ambapo paroko yeyote asingethubutu kuipeleka.

Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa hati juu ya muziki mtakatifu, iitwayo kwa Kiitaliano Tra le sollecitudini. Humo alikataza piano kanisani, pamoja na ngoma, matoazi na ala nyingine za makelele. Papa hakuwa akiwafikiria Waafrika. Alitaka kuondoa mtindo wa opera uliokuwa umetawala makanisa ya Italia. Hata hivyo, sheria iliyoandikwa kwa ajili ya Italia ilitumika na huku, na ngoma ikabaki nje ya mlango. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1955, Papa Pius XII katika waraka wake Musicae Sacrae aliwahimiza wamisionari wakuze nyimbo takatifu katika lugha na sauti ambazo watu wamezizoea. Hapo ndipo mlango ulipoanza kufunguka.

Wakati huo, mjini Kamina, katika jimbo la Katanga, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikuwa tayari na kundi lake. Alilianzisha mwaka 1954: wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15 wa shule ya hapo. Likapewa jina la mfalme wa Wabelgiji, Les Troubadours du Roi Baudouin. Jina hilo ni la kikoloni kabisa, na hatuna haja ya kulificha. Lakini walichokiimba hakikuwa cha kikoloni. Maneno yalibaki ya Kilatini, kama sheria ilivyodai kabla ya Mtaguso, ila sauti zilikuwa za kwao. Kyrie ilifuata kasala, mtindo wa maombolezo wa Waluba. Sanctus ilitokana na wimbo wa kuagana, Hosanna ikachukua mwendo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei ikajengwa juu ya wimbo wa Bena Lulua. Haikutungwa na mtu mmoja mezani. Waimbaji waliifanya pamoja kwa kuimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea, na maandishi yakaja baadaye. Tarehe 23 Machi 1958 Misa hiyo, Missa Luba, iliimbwa katika ibada pale pale Kamina.

Mwaka huo huo wakasafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na kufika kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Kampuni ya Philips ikatoa santuri yao. Kisha ikaja tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikawa huru, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikatangaza kujitenga. Katika nchi iliyopasuka namna hiyo, santuri ndiyo iliyoendelea kusafiri.

Ilisafiri mbali kweli. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini, mtu asiyeamini, aliingiza Gloria yao katika filamu yake juu ya Injili ya Mathayo, ambayo aliitolea kwa kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII. Mwaka 1968 Sanctus ikasikika katika filamu ya Kiingereza, if...., inayohusu wanafunzi wanaoasi shule yao, na mwaka 1969 wimbo huo ukaingia katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Mwaka 1968 pia bendi ya roki ya Marekani, The Electric Prunes, ilitoa Misa nzima ya Kilatini kwa magitaa ya umeme, iliyotungwa na David Axelrod. Tunasikitika kusema kwamba muziki uliwashinda wenyewe, ikabidi wapigaji wa kukodiwa wasaidie kuumaliza. Kyrie yao nayo iliishia katika filamu, Easy Rider, mwaka 1969.

Tofauti ya makundi haya mawili, kwa maoni yetu, haiko katika ngoma wala gitaa. Misa ya bendi ile ilianzia studio. Misa ya Kamina ilianzia kwa watu waliokuwa wakiabudu, ndipo ulimwengu ukaja kuisikiliza. Jambo moja tu linatukera: jina linalotajwa daima ni la Padre Haazen, huku wale wavulana na walimu, ambao ndio waliozitoa sauti hizo, wakibaki bila majina kwa wasikilizaji wengi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulitoa heshima rasmi kwa muziki wa mataifa (Konstitusio ya Liturujia, namba 119) na kuruhusu ala zinazofaa matumizi matakatifu (namba 120). Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika mwenzetu, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Ila hapa Arusha tuna jambo la pekee. Wamaasai na ndugu zao Waarusha wa miteremko ya Meru hawakuwa watu wa ngoma: muziki wao wa asili ni koo za watu, kiongozi akiimba na wengine wakivuma chini yake, pengine kwa pembe ya tandala. Kwao ngoma ya kanisani ni mgeni karibu sawa na kinanda. Tunaomba walimu wa kwaya, kabla ya kukusanya michango ya spika, wawaite wazee wa Kiarusha waimbe, kisha wajaribu kuitikia "Bwana utuhurumie" kwa namna hiyo, bila ala yoyote.