Wokovu, Wakati na Umilele: Swali la Waliotutangulia

Imani ya Kikristo inayo mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kupingana. Yasema kwamba Mungu ni wa milele, hana mwanzo wala mwisho. Tena yasema kwamba wokovu wa wanadamu ulitendeka siku fulani, katika nchi fulani, Pontio Pilato alipokuwa liwali wa Uyahudi, yaani kati ya mwaka 26 na mwaka 36.

Hapo swali huzuka lenyewe. Ikiwa wokovu una tarehe, watu waliokufa kabla ya tarehe hiyo wana hali gani? Na wale waliokaa mbali, ambao habari haikuwafikia, je? Swali hili si la wanachuoni peke yao. Kila mtu anayewakumbuka babu zake kwa upendo hana budi kuliuliza. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi lilivyojibiwa zamani sana, katika bara letu hili la Afrika, na jinsi jibu lile lilivyowafundisha watu kufikiri habari za wakati wenyewe.

Aliyejibu ni Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Siku zile pwani ya kaskazini ya Afrika ilikuwa chini ya Dola ya Rumi. Alisoma Carthage, akawa mwalimu wa ufasaha wa maneno, akavuka bahari kwenda Roma na Milan, na huko Milan akabatizwa mwaka 387, akiwa mtu mzima wa miaka 32. Kisha alirudi kwao. Tangu yapata mwaka 396 alikuwa askofu wa Hippo, mji wa bandari ambao leo huitwa Annaba, hata alipokufa mwaka 430.

Yapata mwaka 409 padre mmoja wa Carthage, jina lake Deogratias, alipelekewa na Augustino majibu ya maswali sita yaliyotoka kwa mtu asiye Mkristo. Swali la pili lilisemekana kuwa limetoka kwa Porphyrius, mwanafalsafa wa Tiro wa karne ya 3, aliyeupinga sana Ukristo. Nalo lilikuwa kali. Kama Kristo ndiye njia ya wokovu, watu wa karne zote zilizomtangulia wangefanya nini? Mji wa Roma wenyewe ulikaa miaka mingi bila kulisikia jina lake. Je, ni haki roho zisizohesabika zipotee kwa sababu ya kutomwamini mtu ambaye alikuwa hajaja?

Augustino hakulidharau swali hilo. Kwanza aliwakumbusha waulizaji kwamba ibada zao wenyewe zilianza siku fulani, basi wao nao wajibu habari za waliotangulia ibada hizo. Kisha akaingia katika kiini cha jambo. Kristo, alisema, hakuanza kuwapo siku aliyozaliwa. Yeye ni Neno la Mungu, ambaye kwa yeye vitu vyote viliumbwa na vyatawalwa. Kwa hiyo mtu ye yote, wa wakati wo wote na mahali po pote, aliyemwamini na kumjua kwa kadiri alivyojaliwa, akaishi kwa uchaji na haki, aliokolewa naye yeye yule. Majina na ishara zilibadilika. Jambo lililofunikwa zamani lilifunuliwa baadaye. Walakini wokovu ni mmoja. Akaongeza kwamba Maandiko yenyewe yanawataja watu wasio wa uzao wa Ibrahimu walioshiriki neema hiyo. Katika kitabu kingine alimtaja Ayubu kuwa mfano wao.

Aliwezaje kusema hivyo? Alikwisha kuweka msingi wake katika kitabu chake cha Maungamo, alichoanza kukiandika yapata mwaka 397. Humo alikutana na watu walioulizana Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi. Kulikuwa na jibu la mzaha, kwamba Mungu alikuwa akiwatengenezea jehanamu wale wanaopekua mambo makubwa mno. Augustino alilikataa, kwa kuwa kumcheka muulizaji si kumjibu. Yeye alisema kwamba kabla ya uumbaji hapakuwa na "kabla". Wakati nao ni kiumbe, ulianza pamoja na viumbe vingine. Mungu hautangulii wakati kama kaka anavyomtangulia mdogo wake, kwa kuhesabu miaka. Huutangulia kwa umilele wake, ambao haupiti.

Ili tuelewe tofauti hiyo, Augustino alitoa mfano wa mtu anayeimba zaburi aijuayo kwa moyo. Kabla hajaanza, zaburi yote imo katika kutazamia kwake. Akisha kuanza, maneno huondoka moja moja katika kutazamia na kuingia katika kumbukumbu, mpaka yote yamekwisha. Ndivyo mwanadamu anavyoishi: jana yake imekwenda, kesho yake haijawadia, na sasa yake haikamatiki mkononi. Mungu hana jana inayompotea wala kesho anayoingojea.

Mtu aweza kudhani kwamba, ikiwa ni hivyo, tarehe haina maana hata kidogo. Augustino alikataa neno hilo pia. Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma, na wakimbizi wengi wakaja Afrika wakiuliza kama ulimwengu umefikia mwisho. Mwaka 413 alianza kuandika kitabu cha Mji wa Mungu, ambacho kina sehemu 22 nacho kilimchukua zaidi ya miaka kumi. Katika sehemu ya 12 aliwapinga wenye falsafa waliofundisha kwamba ulimwengu huzunguka kama gurudumu, na kwamba mambo yote yaliyopata kuwa yatarudi tena vile vile. Alisema kwamba kama ni hivyo hakuna heri ya kweli, maana aliyeokoka leo atarudi katika taabu zake zamu yake ikifika. Kristo alikufa mara moja, wala hafi tena. Kwa hiyo jambo jipya laweza kutokea katika wakati, na likiisha kutokea halifutiki.

Basi ni lazima kuyashika mambo mawili pamoja. Tendo la wokovu lilifanyika mara moja, katika saa yake. Na yeye aliyelitenda si mfungwa wa saa ile.

Karibu miaka mia moja baada ya Augustino, Boethius aliliendeleza wazo hili. Alikuwa waziri wa Theodoric, mfalme wa Wagothi katika Italia. Akashitakiwa uhaini, akatiwa gerezani, akauawa yapata mwaka 524. Humo kifungoni aliandika kwamba umilele si wakati mrefu sana, bali ni kuwa na uzima wote kwa mara moja. Mungu hutazama mambo kama mtu aliye juu ya kilele cha mlima. Sisi twaweza kueleza hivi: mpagazi aliye katika msafara huona mgongo wa mwenziwe tu, wala hajui aliye nyuma kabisa yu wapi. Aliye mlimani huona msafara wote, wa kwanza na wa mwisho, kwa kutupa jicho mara moja. Wala kutazama kwake hakumsukumi mtu ye yote apite njia hii au ile.

Katika Afrika ya Mashariki Johann Ludwig Krapf alianza kazi yake Mombasa mwaka 1844, na misheni nyingine zikafuata. Hapa swali la Porphyrius lina uzito wa pekee, kwa kuwa vizazi vingi vya watu wa bara vilikufa kabla Injili haijahubiriwa huko. John Mbiti, mwanachuoni wa Kikamba aliyezaliwa mwaka 1931 na kufa mwaka 2019, alilichukua neno Sasa na neno Zamani katika lugha yetu ya Kiswahili ili kueleza jinsi Waafrika wa kale walivyouona wakati. Alisema kwamba kwao wakati ulielekea nyuma, waliko wazee, kuliko mbele. Wanachuoni wengine walimpinga. Hata hivyo alifanya kazi ya maana mwaka 1971, alipoonyesha kwamba mahubiri yanayouweka wokovu wote katika siku zijazo huwaacha watu wakingoja tu, wala hawaoni lililokwisha kutendeka.

Yatupasa kusema pia kwamba jibu la Augustino halikumaliza mashindano. Katika uzee wake yeye mwenyewe alikaza sana mafundisho juu ya lazima ya ubatizo na juu ya uteule wa Mungu. Makanisa nayo hayakusema neno moja. Katika Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitamka mwaka 1964 kwamba mlango wa wokovu haukufungwa kwa wale ambao, bila kosa lao, hawakuijua Injili, nao wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu.

Kwa hiyo mtu akiuliza habari za babu zake, haifai kumjibu kwa kalenda peke yake. Kalenda yaonyesha ni lini habari ilifika kijijini. Haionyeshi ni lini Mungu alianza kuwajua watu wa kijiji kile. Na kwa hoja ya Augustino, hapakuwa na siku ambayo hakuwajua.