Kufagia Nyumba ya OpenSSL

Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie huko Marekani mnamo 1972, inaye mtumishi asomaye maandishi kabla hayajafasiriwa. Huyu huamriwa: kompyuta ikiwa ya namna hii, soma mistari hii, isipokuwa hivyo, iruke.

OpenSSL, programu iliyoanza 1998 kulinda siri za mawasiliano, ilijaa masharti ya namna hiyo. Mengine yalihusu Windows ya biti 16, mtambo uliokwisha kuachwa. Tena, kwa kuwa mitambo mingine ya kale ilikuwa mizito kugawa kumbukumbu, waandishi walijijengea ghala yao wenyewe. Na ghala hiyo ndiyo iliyozipumbaza kinga za OpenBSD.

Aprili 2014 likatangazwa kosa la Heartbleed. Kwa kila ombi, mgeni aliweza kujichotea hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu, pengine na funguo za siri. Watu wa OpenBSD, wakiongozwa na Theo de Raadt, waliinakili kazi yote, wakaiita LibreSSL, na katika juma la kwanza wakafuta mistari zaidi ya 90,000. Wala si kazi nyepesi, kwani sharti moja likiondolewa vibaya huangusha jingine. OpenSSL yenyewe iliiacha Windows ile katika toleo la 1.1.0, mwaka wa 2016.