Starehe Iliyozaliwa na Springi

Magari ya kifahari ya porini hupimwa kwa dhana moja iliyozoeleka: kwamba starehe na ukakamavu vinanyang'anyana nafasi. Kila kiti cha ngozi kinapoingia ndani, eti kuna kitu kimepungua chini ya bodi. Dhana hii inawafurahisha wenye magari ya zamani, lakini historia haiiungi mkono. Range Rover ya 1970, ambayo aina hii yote hulinganishwa nayo hadi leo (ingawa Wamarekani walikuwa na Jeep Wagoneer yao tangu 1963), inaonyesha kwamba starehe na uwezo vilitokana na chuma kilekile. Kilichopotea baadaye ni nafasi ya fundi, na hicho ndicho wapimaji wengi hawakigusi.

Land Rover ya kwanza, iliyozinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, haikujidai uzuri. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep iliyobaki vitani kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, akataka gari la Kiingereza litakalofanya kazi hiyohiyo. Chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Springi zake zilikuwa mabamba ya chuma yaliyopangwa na kufungwa pamoja: hubeba mzigo vizuri, gharama yake analipa dereva kwa mgongo. Ugumu huo ulikuwa na hasara hata porini. Gurudumu moja likizama shimoni, jingine huelekea kuachana na ardhi, na gurudumu lililo hewani halivuti chochote. Hasara hiyo ndiyo waliyoishughulikia wahandisi wa Rover, Spen King na Gordon Bashford, walipobuni Range Rover. Waliweka springi za koili zenye mwendo mrefu ili kila gurudumu lishuke na kupanda likifuata ardhi, wakaongeza injini ya V8 ya alumini ya lita 3.5 yenye asili ya Buick, na breki za diski kwenye magurudumu yote manne. Springi zilizokusudiwa makorongo ndizo zilizolituliza gari kwenye lami. Starehe ilikuja kama nyongeza, tena isiyo na mapambo: viti vilikuwa vya vinaili, dashibodi ya plastiki, na sakafu ya kuoshwa kwa mpira wa maji. Hadi 1981 kiwanda kiliuza gari hilo likiwa na milango miwili tu ya abiria. Ngozi na mbao vilifuata wanunuzi wenye fedha walipozidi wakulima.

Hata sura yake ilitokana na kazi. Wahandisi ndio waliochora umbo la msingi, kisha msanifu David Bache akalinyoosha. Pembe za boneti ziliinuliwa, dereva akaweza kuona gari lake linaishia wapi kwenye njia nyembamba. Vioo vilikuwa vipana, na bodi haikujitokeza sana mbele ya magurudumu, isije ikagonga mwinuko kabla ya tairi kuufikia. Gari hilo lilionyeshwa Louvre mjini Paris kama mfano wa usanifu wa viwandani, na lilistahili. Ukitaka kupima usanifu wa magari ya leo, anzia kwenye tairi. Range Rover ya kwanza ilivaa rimu za inchi 16. Iliyotoka miaka ya 2020 inaweza kuagizwa na rimu za inchi 23. Ukuta wa tairi ukiwa mrefu, unaweza kupunguza upepo ili tairi litanuke na kuelea juu ya mchanga, na jiwe likikupiga, mpira ndio unaopokea. Ukuta ukiwa mfupi, jiwe hufika kwenye rimu. Hapo kweli urembo umekula uwezo, ila kosa ni la rimu, si la kiti cha ngozi.

Jaribio lililosema mengi ni msafara wa mwanajeshi Mwingereza John Blashford-Snell, ulioanza Alaska mwishoni mwa 1971 na kuingia kwenye msitu wa Darién, kati ya Panama na Kolombia, mwaka uliofuata. Range Rover zake mbili zilifungwa matairi makubwa ya kinamasi. Difu hazikumudu mzigo huo, zikavunjika. Msafara ukalazimika kutafuta Land Rover kuukuu ya kutangulia kufungua njia. Wanaobeza anasa hupenda kuishia hapo. Lakini Range Rover zote mbili zilitoka msituni, kwa sababu difu yake ingeweza kufunguliwa kwa spana matopeni na nyingine kufungwa mahali pake. Miaka michache baadaye, 1979 na 1981, gari la aina hiyohiyo liliongoza magari yote katika mashindano ya Paris–Dakar.

Kuna watakaosema kwamba teknolojia imemaliza mjadala. Hoja yao ni nzito. Mwaka 1992 Range Rover ilipata springi za hewa zinazoinua na kushusha bodi. Mwaka 2004 Land Rover Discovery ya tatu ilikuja na kitufe cha kuchagua mchanga, tope au mawe, na kompyuta ikafanya yaliyokuwa yakihitaji dereva mzoefu. Land Rover Defender ya zamani, iliyokoma kutengenezwa Januari 2016, ilipita maji ya milimita 500. Mrithi wake, asiye na chesesi ya pekee, anapita ya 900. Kwa kipimo cha kupita, gari jipya limeshinda, na kulikana hilo ni ukaidi. Lakini mfuko wa hewa ukipasuka, gari linalala chini, na si ajabu kwamba wamiliki wengi wa Range Rover za zamani huing'oa mifuko hiyo na kurudisha koili. Gari lililopita mto likakataa kuwaka ng'ambo, kwa sababu ya sensa isiyosomeka bila kompyuta ya kiwanda, limekufikisha pabaya zaidi kuliko lililokwama upande wa huku.

Mwingine atauliza: mnunuzi wa gari hili hafiki porini, fundi wa porini anamhusu nini? King mwenyewe, uzeeni, aliwalaumu hadharani wanaozungusha magari haya mijini. Ila gari huishi kuliko mnunuzi wake wa kwanza. Afrika Mashariki hupokea magari mengi yaliyokwisha kutumika. Kenya inaruhusu yaingizwe hadi yafikishe miaka minane, umri ambao mifuko ya hewa na sensa huanza kudai fedha. Mmiliki wa pili ndiye anayekutana na barabara mbovu, na gereji yake iko chini ya mwembe.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Mercedes ilipolifumua upya gari lake la G mwaka 2018, ilibakiza chesesi ya ngazi na kufuli tatu za difu chini ya anasa yote ile. Toyota imeligawa soko: Land Cruiser 300 ya 2021 ina chesesi ya ngazi na vifaa vya kielektroniki tele, huku Land Cruiser 70, iliyoanza 1984, ikiendelea kutoka kiwandani na springi za mabamba nyuma. Hiyo ya 70 ndiyo karakana za Arusha huikata, huirefusha na kuiwekea paa la kuinuka, kisha ikabeba watalii Serengeti msimu baada ya msimu.