Pokeo, si Tabaka

Kamati moja ya istilahi, ambayo siitaji maana wajumbe wake wanajijua, imeamua kwamba namba inayoonyesha umbali wa seva ya wakati na saa ya atomiki iitwe "tabaka". Kumbe saa nazo zina makabwela na mabwanyenye!

Najua walikolitoa. Wazungu walitwaa neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichotandazwa. Kamati ikafungua kamusi, ikakutana na tabaka, neno tulilopewa na Waarabu: tabaka la mwamba, tabaka la udongo. Kwa mwanajiolojia, hewala. Lakini katika itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta aliyoiasisi David Mills mwaka 1985, ambayo mitandao inaitumia hadi leo, hakuna kinachotandazwa. Saa ya atomiki ni 0. Seva iliyofungwa kwenye saa hiyo ni 1. Inayoiuliza seva hiyo ni 2, na kuendelea hadi 15. Ukiona 16, seva hiyo haijalinganishwa na saa yoyote. Huku ni kupokezana, basi! Ndiyo maana nashikilia "pokeo". Tokea imetupa tokeo, pendekeza ikatupa pendekezo. Pokea imekosa nini? Mapokeo tunayo tayari, na wanazuoni wetu wa pwani tangu zamani huipima habari kwa mlolongo wa walioipokea. Saa ya pokeo sifuri haikupokea kwa yeyote. Yuko bwana mmoja, mpenzi wa "daraja", anayedai neno langu halina hadhi ya kitaalamu. Daraja lake lina hadhi. Sijui tu linavuka mto gani.

Ubaya wa tabaka ni kuwafanya watu wadhani 1 lazima iwe bora kuliko 2. Huko Mainflingen, Ujerumani, mtambo wa redio DCF77 hurusha wakati wa maabara ya vipimo ya taifa, PTB, kwa masafa ya kilohezi 77.5. Kipokezi rahisi huifanya seva kuwa ya pokeo la kwanza, ingawa huweza kukosea kwa milisekunde kadhaa. Seva ya pokeo la pili, inayoiuliza jirani yake yenye saa ya atomiki kwa waya wa jengo lilelile, huweza kukosea kwa mikrosekunde tu.

Kwa kuwa namba pekee haitoshi, fundi asiye na kipokezi cha wakati wa setilaiti achague vyanzo vya wakati vinne au zaidi, vyenye asili mbalimbali, ili kimoja kikidanganya vingine vikiumbue.

Kamati ichapishe itakavyo. Wahariri nawaomba jambo moja: nikiandika pokeo, msinisahihishe.