Kufukiza na Kupaka: Habari za Mafuta ya Mimea Yafukuzayo Mbu

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana sana kwa sauti, kufukiza na kufukuza. Cha kwanza chatokana na kufuka, yaani kutoa moshi au mvuke. Cha pili maana yake ni kukimbiza. Ukaribu wa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja, na mchunguzi wa lugha hana budi kujihadhari hapo. Walakini katika nyumba za pwani kazi hizo mbili zilikutana saa za magharibi, wakati mbu waingiapo ndani. Kamusi humweleza kivumbasi kwa harufu yake kali na kwa sifa ya kufukuza mbu, na majani yake yalitiwa juu ya makaa, au yaliwekwa mabichi karibu na kitanda. Kwa kadiri ya desturi hiyo dawa ilikuwa ya chumba, wala si ya ngozi.

Sababu ya desturi hiyo yaonekana katika tabia ya mafuta yenyewe. Mafuta yaletayo harufu katika kivumbasi, mchaichai au karafuu si kama ya nazi au ya ufuta. Tone la mafuta ya nazi likidondoka juu ya karatasi huacha doa la kudumu. Tone la mafuta ya mchaichai hupaa, na baada ya muda karatasi huwa kavu. Mbu hukimbizwa na kile kilichokwisha kupaa hewani. Basi jambo lile lile liyapalo mafuta haya nguvu ndilo liyamalizalo. Wazee waliliondoa tatizo hili kwa njia nyepesi: majani yakiisha nguvu huongezwa mengine.

Mambo yalibadilika mafuta yalipokenekwa, yaani majani yalipochemshwa na mvuke wake ukapozwa, kisha yakatiwa katika chupa ili yapakwe mwilini. Mashuhuri kuliko yote yalikuwa mafuta ya sitronela, yatokayo katika nyasi zilizo jamaa ya mchaichai, zilizolimwa hasa Java na katika kisiwa cha Sri Lanka, ambacho hadi mwaka wa 1972 kiliitwa Ceylon. Tarehe 20 Agosti 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad katika Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Tangu hapo mbu hakuwa tena udhia wa usiku tu, bali mchukuzi wa mauti, na dawa ya kumfukuza ikawa na deni kubwa zaidi la kulipa. Huko Marekani mafuta ya sitronela yaliandikishwa rasmi kuwa dawa ya kufukuza wadudu mwaka wa 1948.

Lakini miaka miwili kabla ya hapo, 1946, jeshi la nchi hiyo hiyo lilikuwa limekwisha kupata dawa ya maabara iitwayo DEET, ambayo raia waliruhusiwa kuitumia tangu 1957. Majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2002 yalionyesha wazi umbali uliopo baina ya dawa hizi. DEET ya kiasi cha asilimia 23.8 ilimkinga mtu kwa saa tano hivi; dawa zilizotengenezwa kwa sitronela hazikufikisha wastani wa dakika 20. Mtu aliyejipaka sitronela saa moja jioni, akaketi barazani hadi saa tatu akijiona amekingika, alikuwa hana kinga kwa sehemu kubwa ya muda huo. Harufu ilibaki puani mwake, na mbu hakuijali.

Hapo ndipo habari ya mkaratusi wenye harufu ya limau, mti wa asili ya Australia, inapostahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Watu wengi hudhani kwamba nguvu ya mti huu imo katika mafuta yake mazuri yenye harufu. Watafiti wa Uchina waliokuwa wakipima mimea mingi katika nusu ya pili ya karne ya 20 waligundua kinyume chake: mafuta yaliyokenekwa hayakudumu, bali masazo yaliyobaki baada ya kazi hiyo, ambayo kwa kawaida yangemwagwa, ndiyo yaliyomkimbiza mbu kwa muda mrefu. Kiini chake, kijulikanacho kwa herufi PMD, hakipai upesi kama mafuta. Majaribio yaliyofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka wa 1996 yalionyesha kwamba dawa ya kiini hicho iliwazuia mbu wa malaria kwa saa nyingi, ikiwa haikuachwa nyuma na DEET.

Nayo desturi ya kufukiza haikuaibika ilipopimwa. Mwaka wa 2002 matokeo ya majaribio ya Kenya ya magharibi yalionyesha kwamba majani yaliyopashwa moto bila kuwaka yalifukuza mbu kuliko yaliyochomwa kabisa. Majani ya mkaratusi huo yaliongoza, yakifuatwa na vivumbasi. Kila ajuaye kutumia chetezo hatastaajabu: udi huwekwa juu ya kaa ufuke, wala hautiwi katika ndimi za moto.

Ama karafuu, ambayo makonyo yake hukenekwa Pemba, mafuta yake yalifanya vizuri huko Thailand mwaka wa 2005, saa mbili hadi nne. Lakini yalikuwa mafuta matupu yasiyochanganywa na kitu, nayo huwasha ngozi.

Limebaki suala la majina, nalo lawahusu wafasiri. Kwa Kiingereza wauzaji hutenganisha, ingawa kwa mpangilio wa maneno tu, mafuta ghafi ya mkaratusi huu na dawa iliyojaa PMD. Kwa Kiswahili vitu vyote viwili huweza kuitwa “mafuta ya mkaratusi”, na mnunuzi wa dukani hana njia ya kujua kama ameshika chupa ya kinga ya saa sita au ya nusu saa. Neno masazo, ijapokuwa halina fahari ya kibiashara, lingefaa kutajwa katika jina la hiyo ya pili.