Ndata Kivumbu na Himaya ya Malisho

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akiisha kuupita Mtito Andei na kuikaribia Kibwezi, huiona nchi ya udongo mwekundu, migunga na mibuyu, na aghalabu huipita upesi akidhani kwamba haina zao ila vumbi. Lakini lau angeteremka majuma machache baada ya mvua za vuli, akainama na kutazama, angeuona unyasi wenye mashuke ya manyoya, ya zambarau iliyochanganyika na kijivu, yaliyosimama mfano wa mikia ya mbweha. Wakamba huuita ndata kivumbu. Na wataalamu wa mimea, tangu Linnaeus alipouandika mwaka 1771, huuita Cenchrus ciliaris. Asili yake ni nchi kavu za Afrika na Bara Arabu, hata kufikia Bara Hindi, nao huweza kuishi hata mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haizidi ile inayonyesha pwani katika mwezi mmoja wa masika.

Uhodari wake umefichika ardhini. Mizizi yake huweza kushuka zaidi ya mita mbili kutafuta unyevu, na chini ya shina, pale linapogusana na udongo, pamevimba kidogo, na hapo ndipo unyasi unapoweka akiba ya chakula chake, hata kiangazi kikiyachoma majani yote, au moto ukapita juu yake, tone la kwanza la mvua huuamsha. Haupendi maji yaliyotuama. Na jambo jingine usiloliweza, ijapokuwa huvumilia meno ya ng'ombe kuliko nyasi nyingi, ni kuliwa mfululizo pasipo kupewa nafasi ya kupumua na kuzaa mbegu.

Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa elimu ya wafugaji wa kale, nami naiona kuwa elimu kubwa, ingawa waandishi wa zama za ukoloni waliipita bila ya kuitia maanani. Hakuna mzee wa Ukambani aliyechukua kikapu cha mbegu akaenda kupanda nyasi nyikani. Kazi yao ilikuwa kuziachia. Wakamba walikuwa na weu, yaani uwanda wa malisho ya wote, na walikuwa na kisesi, sehemu ambayo mtu au ukoo huihifadhi kwa mifugo yake, asiingie mwingine. Wasukuma nao, huko Shinyanga, walikuwa na ngitili, eneo linalofungwa mwanzo wa mvua na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Na ng'ambo ya bahari Waarabu waliijua desturi iyo hiyo kwa jina la himaa, na Mtume mwenyewe aliuweka uwanda wa Naqi', karibu na Madina, kuwa malisho ya farasi. Nasi tukitamka neno himaya leo katika mambo ya dola, tunalitamka neno la shina moja na lile la malisho yaliyofungwa, na sijui neno lenye nasaba bora kwa mtu anayependa nchi yake.

Elimu ile ilihitaji kitu kimoja, nacho ni uwasaa. Malisho hayapumziki ila ng'ombe wawe na pengine pa kwenda. Na Serikali ya Kikoloni ilipochora mipaka ya maeneo ya Waafrika, ikawapa walowezi vilima vya Mua na kuifunga nyika ya Yatta, pengine pale pakatoweka. Ng'ombe waliokuwa wakitawanyika wakabanwa, weu ukaliwa masika na kiangazi, na unyasi usiopewa fursa ya kutoa mbegu ukafa shina baada ya shina, hata mvua zikawa zikinyesha juu ya ardhi tupu na kuuchukua udongo mtoni. Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika taarifa ndefu mwaka 1937 juu ya uharibifu huo, na Serikali ikahukumu kwamba kosa ni wingi wa ng'ombe. Mwaka 1938 ikaamuru ng'ombe wa Machakos wapunguzwe kwa lazima. Wakakamatwa na kuuzwa kwa bei hafifu, na huko Athi River kiwanda cha nyama kikawa tayari kuwapokea. Ndipo mwezi wa Julai Wakamba kwa mamia na mamia, waume kwa wake, wakashika njia ya Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akatiwa mbaroni na kupelekwa uhamishoni Lamu. Kabla ya mwaka kwisha amri ile ya kulazimisha ilitanguliwa. Ng'ombe wakabaki, ama unyasi, haukurudi kwa sababu ya ushindi peke yake, kwa kuwa ardhi ilikuwa imekwisha kukauka na kuwa ngumu kama sakafu, na mbegu ikiangukia juu yake huchukuliwa na upepo.

Katika zama hizo hizo unyasi ulipokuwa ukitoweka kwao, ulikuwa ukitafutwa ugenini. Australia ulikuwa umekwisha kufika katika miaka ya 1870, na husemekana kwamba ulisafiri ndani ya matandiko ya ngamia, kwa kuwa majani yake yalitumika kuyajazia. Katika miaka ya 1930 zikapelekwa huko mbegu nyingine zilizotoka Dodoma, na aina iliyotokana nazo ikaitwa Biloela, kwa jina la mji mmoja wa Queensland; na katika miaka ya 1940 mbegu za jangwa la Turkana zikapelekwa Texas, zikasitawi ajabu, na kutoka huko zikavuka mpaka hata Sonora, Mexico. Unyasi huu aghalabu huzaa mbegu pasipo kuchanganya mbegu ya dume, hata mche hufanana na mama yake kwa kila hali. Kwa hiyo unyasi wa Texas na ule wa Turkana ni nasaba moja isiyoingia doa. Lakini ulipofika katika jangwa la Arizona, penye mipungate mirefu kama minara isiyojua moto tangu dahari, unyasi ulijaa baina yake, ukakauka, ukawaka, na kuiunguza. Na mwaka 2005 jimbo lile likauandika katika daftari la magugu yenye madhara, na watu wa kujitolea wakawa wakienda na majembe kuung'oa shina kwa shina.

Na huku kwetu, watu wengine wakawa wamepiga magoti kuupanda. Huko Baringo, kazi ya kuyarudisha malisho ilianza mwaka 1982, na katika Ukambani utafiti wa Kiboko na Kibwezi uliwafundisha wenyeji, nao wenyeji wakaufundisha utafiti, namna ya kuzitendea nyasi za asili. Kabla ya vuli, jembe la ng'ombe hupitishwa kwa kukingama na mteremko, lisifanye shamba zima bali mifereji tu, ili maji yanayokimbia yakamatwe. Katika mifereji hiyo humwagwa mbegu, kisha hufunikwa kwa udongo kidogo mno, usiozidi sentimita mbili, kwa maana ikizikwa zaidi haitoki. Tena mbegu za ndata kivumbu hazioti zikiwa mpya. Sharti zipumzike ghalani miezi mingi, na mtu asiyejua hilo huzipanda mwezi ule ule aliozivuna, kisha akailaumu mvua. Wajuzi huzichanganya na mbegu za nyasi nyingine mbili, mbeetwa na nguu, kwani nguu hutangulia kuota, na mbeetwa na ndata kivumbu hufuata polepole zikija kudumu. Magugu hupaliliwa kwa mkono, na mwaka wa kwanza mifugo haiingizwi mpaka unyasi uishe kukomaa na kupukutisha mbegu zake.

Mavuno nayo yana subira yake, maana mashuke hayakomai yote siku moja. Wanawake hupita katika mistari wakiyavuta kwa vidole, yaliyo tayari yakaingia mfukoni na mabichi yakaachwa, na kesho kutwa wakarudi tena. Mbegu huuzwa kwa kilo, na majani yaliyokatwa hushindiliwa kwa miguu ndani ya sanduku la mbao, yakafungwa kwa kamba, yakawa matita ya kungojea kiangazi. Na huko Baringo mashamba ya jumuiya huzungushiwa ua, na siku ya kulifungua lango huamuliwa na kamati ya wenyeji. Mwenye ng'ombe hulipa ada kwa kichwa, huchunga kwa muda alioruhusiwa, kisha hutoa kundi lake na lango likafungwa nyuma yake.