Habari za Kiti cha Enzi, na Namna ya Kukihifadhi Nyumbani

Maneno mengi ya vyombo vya nyumbani yalitujia pamoja na wageni. Meza na kasha ni maneno ya Kireno, sanduku ni la Kiarabu, na kabati ni la Kiingereza. Lakini kiti ni neno la Kibantu, nalo ni ndugu wa neno mti. Neno enzi ndilo lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni nguvu na utukufu. Maneno haya mawili yalipokutana yakawa jina la chombo kimoja, kiti cha enzi; na wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la kutaja mahali aketipo mfalme, walilitumia jina hilo hilo.

Viti hivi vilikuwa fahari ya nyumba kubwa za Lamu, Pate, Siyu na Mombasa. Umbo lake ni la miraba, egemeo lake ni refu, lina mikono miwili, na mbele pana kibao cha kuwekea miguu. Mti wake ni mweusi, nao umetiwa njumu; yaani fundi huuchimba mti, kisha hupachika ndani vipande vyembamba vya pembe ya ndovu au vya mfupa. Mahali pa kukalia na pa kuegemea hapana ubao mtupu, bali pamesukwa nyuzi za pamba zilizosokotwa na kukazwa sana. Tena viungo vyake vyaweza kufunguliwa, kiti kikachukuliwa vipande vipande. Wataalamu hawapatani juu ya asili ya umbo hili: wengine hulitafuta Misri, wengine Bara Hindi, na wengine kwa Wareno. Lakini wakaao pwani ndio waliokipa jina na kazi yake, maana kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima.

Mji wa Siyu, ulio katika kisiwa cha Pate, ulisifiwa kwa mafundi wake: watia nakshi, washona ngozi, wafua vyuma, na waandishi wa misahafu. Mji huo ulikataa kwa miaka mingi kutawaliwa na Unguja, ukashindwa mwaka 1863 na majeshi ya Sultani Majid. Tangu hapo fahari yake ikapungua. Kisha, mwaka 1907, utumwa ulipoondolewa kisheria katika pwani iliyo Kenya leo, wenye mashamba wengi walikosa watu wa kuwalimia. Haifai kuficha ya kwamba utajiri ulionunua viti vile ulitoka kwa sehemu kubwa katika jasho la watumwa. Utajiri ule ukaisha, viti vikabaki; na mwenye nyumba aliyepungukiwa alivitazama akaona fedha.

Basi, je, ni nini hasa kinachovipoteza vyombo hivi? Wengi watasema ni mchwa. Ni kweli mchwa na vidudu hubungua mti, lakini adui mkubwa kuliko hao ni mgawanyo. Mzee akifa, mali hugawanywa kwa warithi kwa mafungu yaliyo halali yao, wala kiti kimoja hakigawiki. Njia iliyo nyepesi ni kukiuza na kugawana thamani yake. Na kijana asiyejua kiti kile kilikaliwa na nani atakitoa bila majuto, anunue viti vya sponji. Maana wazee walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda.

Kwa hiyo, aliye na kiti cha namna hii na afanye kwanza kazi isiyohitaji fundi: achukue daftari, aandike kilitoka kwa nani, kilipitia mikono ya nani, na kilitumika katika arusi zipi. Kisha warithi wakutane wangali wanapendana, wamchague mmoja awe mwangalizi wake kwa niaba ya wote, nao waandike patano hilo. Kiti chenye habari ni mtu wa ukoo. Kiti kisicho na habari ni bidhaa.

Utunzaji wenyewe si mgumu. Kiti kisiwekwe penye jua la dirishani, wala karibu na ukuta wenye unyevu, kwa kuwa mti na pembe havivimbi wala kunywea kwa kadiri moja, na hapo njumu hubanduka. Kisioshwe kwa maji. Kipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Kisikokotwe, wala kisiinuliwe kwa mikono yake, bali kishikwe chini, penye fremu ya kukalia. Nyuzi zikikatika zisukwe nyingine za pamba. Usipigilie ubao kwa misumari, maana msumari hupasua mti mkavu. Kipande cha njumu kikianguka kitiwe katika bahasha na kuhifadhiwa, hata apatikane fundi. Na pengo lisizibwe kwa pembe mpya, kwa kuwa mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi. Mfupa wa ng'ombe watosha.

Katika Kenya, sheria ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kila chombo kilichofanywa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, wala hakitolewi nje pasipo kibali. Sheria ni ngao njema, lakini yalinda bandari tu. Haiingii ndani ya nyumba. Makumbusho nayo huhifadhi mti na pembe, bali mgeni haketi humo. Heshima ya kukaribisha, ambayo ndiyo iliyokifanya kiti kuwa cha enzi, yaweza kuhifadhiwa na wenye nyumba peke yao.